Bunduki na Siasa: Kisa cha Bastola ya Mbao

Awali ya yote natoa shukrani kwa mlezi wa Chama cha Kiswahili kwa kunipa kurasa hizi, ijapokuwa aliponiuliza nitaandika juu ya nini nami nikamjibu "bunduki," alivua miwani akanitazama kwa muda mrefu. Ilibidi nimweleze sababu. Nawaeleza na ninyi.

Mwaka wa 2025, nikiwa kidato cha pili, chama chetu kilikuwa kinatayarisha mchezo wa kuigiza kwa ajili ya Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huwa tarehe 7 Julai. Mimi nilipewa sehemu ya jambazi. Msinicheke, ni kwa sababu ya hii sauti yangu nzito. Jambazi bila silaha si jambazi, kwa hivyo nilimwendea fundi wa vitanda aliye karibu na kwetu Kayole, akanichongea bastola kwa masalio ya mbao. Niliipaka rangi nyeusi ya viatu mara mbili nikaisugua kwa kitambaa. Kusema kweli ilipendeza. Hata walimu waliishika wakati wa mazoezi, wakaelekezana wakicheka.

Ijumaa jioni, kabla ya ile wiki ya onyesho, niliitia mkobani niende nayo nyumbani nikaipake rangi tena. Niliposhuka matatu na kuingia kichochoro cha kuelekea kwetu nikasikia, "We kijana! Simama hapo!" Walikuwa wanaume wawili waliovaa jaketi za kiraia. Mtu wa Eastlands hahitaji kuonyeshwa kitambulisho ndipo ajue karao ni nani. Wakaniambia nifungue mkoba. Nami kwa ujinga wangu, badala ya kuuweka chini, niliuingiza mkono ndani ili nitoe vitabu wavione. Kitu cha kwanza kuchomoza kilikuwa kitako cha bastola.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka mlio wa chuma kikivutwa, na nakumbuka shavu langu likiwa juu ya kokoto na kiatu kikiwa mgongoni. Kisha nikasikia sauti ya mama anayeuza sukuma wiki pale kona, "Afande! Afande! Huyo ni mtoto wa shule! Mimi namjua, mamake ni jirani yangu! Ni mchezo wa shule huo!" Alikuja hadi pale, kisu cha kukatia mboga akiwa amekiacha juu ya meza, mikono juu kama kwamba ni yeye aliyekamatwa. Yule askari mrefu akaiokota bastola yangu, akaipima uzito kiganjani, akacheka kidogo, kisha akaivunja kwa goti. "Kijana," akaniambia, "bonoko kama hii imezika wengi. Enda nyumbani."

Basi nikaenda. Mama alilia usiku ule, mimi nikashindwa kula, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza maswali juu ya bunduki. Nani anaruhusiwa kuwa nayo? Nani huamua? Na kwa nini kuna nchi ambako wenye bunduki wakikohoa wabunge hutetemeka? Nimesoma magazeti ya zamani maktabani, nimewauliza walimu wa Historia hadi wamenichoka, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili, tuanze na maneno. Bunduki ni neno lililotoka kwa Waarabu. Risasi pia limetoka huko, na kwao maana yake ni ile madini nzito ya kijivu ambayo kwayo risasi zilitengenezwa. Mzinga ni neno letu, na ni lile lile la mzinga wa nyuki, kwa sababu zote mbili ni gogo lenye tundu. Huku mtaani tuna maneno yetu: mchuma ni bunduki ya kweli, na bonoko ni ya bandia. Hili la bonoko lilienea Nairobi kupitia mahojiano ya redio, pale kijana mmoja alipoeleza jinsi alivyoona mtu akipigwa risasi kisha akawekewa bastola ya bandia kando yake ili aonekane jambazi. Watu walicheka sana mahojiano yale kwa vile alivyokuwa akiongea, hata yakatiwa muziki. Mimi pia nilikuwa nayacheka. Sasa siwezi.

Sheria yetu ya silaha inaitwa Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Ilitungwa mwaka wa 1953, na mwaka huo si wa bure. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952 kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Masetla walitembea na bastola viunoni hata mezani wakila chakula cha jioni, na askari wa nyumbani walipewa bunduki kulinda vijiji, lakini Mwafrika mwingine aliyepatikana na silaha, au hata risasi tu, angeweza kunyongwa. Mnamo tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Waingereza lilianzisha Operesheni Anvil, likaizingira Nairobi, na mitaa hii yetu ya mashariki ndiyo iliyopekuliwa nyumba kwa nyumba. Maelfu ya watu walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kambini. Wazee waliobaki wa Bahati na Kaloleni wanaweza kukusimulia walichosikia kwa wazazi wao.

Dedan Kimathi mwenyewe, alipokamatwa Oktoba 1956, hakushtakiwa kwa uasi. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi bila idhini. Kwa kosa hilo alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Miaka 50 baadaye, siku ile ile mwaka wa 2007, serikali ilizindua sanamu yake mjini katika barabara yenye jina lake, na sanamu hiyo imeshika bunduki. Nimesimama mbele yake mara nyingi nikisubiri rafiki. Mtu aliyenyongwa kwa ajili ya bastola ameshika bunduki kubwa kuliko ile, na askari wa jiji wanapita chini yake bila neno. Kumbe bunduki ile ile yaweza kuwa hatia leo na heshima kesho, ikitegemea ni nani aliye serikalini.

Tulipopata uhuru, sheria ile ya mkoloni haikutupwa. Imerekebishwa mara nyingi lakini msingi wake ni ule ule: silaha si haki yako, ni ruhusa. Katiba yetu ya 2010 ina haki nyingi nzuri, ya kuishi, ya elimu, ya chakula, ya maji safi, ila humo hamna haki ya kumiliki bunduki. Raia anayeitaka lazima aombe cheti, aonyeshe sababu ya kutosha, na aridhishe Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha kwamba si mlevi, si mwenye akili zilizovurugika, na kwamba jamii haitahatarika kwa yeye kuwa nayo. Neno la kuzingatia hapo ni "sababu." Mwenye kuombwa ndiye anayepima kama sababu yako inatosha, nami sijawahi kusikia mtu wa Kayole ambaye sababu yake ilitosha.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, kwa maana huko mambo yamepinduliwa juu chini. Marekebisho ya pili ya katiba yao, ya mwaka wa 1791, yanataja haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba. Kwa miaka mingi mawakili walibishana kama haki hiyo ni ya majeshi ya mgambo ya majimbo au ya kila mtu binafsi, hadi mwaka wa 2008 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilipoamua, katika kesi ya Heller, kuwa ni ya mtu binafsi. Mwaka wa 2022 mahakama hiyo ikaenda mbali zaidi. New York ilikuwa na sheria iliyomtaka mtu aonyeshe sababu maalum ndipo apewe kibali cha kubeba bastola hadharani, karibu kama yetu. Mahakama ikaitupilia mbali. Kwao mtu haombi sababu, sababu ni serikali itoe.

Matokeo yake ni haya. Shirika la Small Arms Survey, lenye makao Geneva, lilikadiria kuwa mwaka wa 2017 raia wa Marekani walikuwa na bunduki milioni 393. Hiyo ni zaidi ya idadi ya watu wenyewe, yaani ukimpa kila mtoto mchanga yake bado zinabaki. Kwa Kenya shirika hilo hilo lilikadiria kama 750,000, na nyingi mno kati ya hizo hazina cheti chochote.

Lakini wingi wa bunduki peke yake hauelezi nguvu za kisiasa. Kuna chama kinachoitwa NRA. Kilianzishwa mwaka wa 1871 na maafisa waliokuwa wamepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kazi yake ilikuwa kufundisha watu kulenga shabaha, basi. Kwa karibu miaka mia moja kilikuwa chama cha wawindaji na walenga shabaha. Mwaka wa 1975 kikaunda idara ya kushughulikia sheria na siasa, na mwaka wa 1977, katika mkutano wa wanachama huko Cincinnati, kundi lenye msimamo mkali likawaondoa viongozi waliotaka kurudi kwenye uwindaji. Tangu usiku ule NRA ikawa chama cha kupigania bunduki Bungeni. Mbinu yake iliyonishangaza ni kwamba kilikuwa kikiwapa wanasiasa alama, kama mwalimu na daftari: A, B, C, hadi F. Mbunge anayepinga kila sheria ya kudhibiti silaha hupata A, anayeunga mkono hupata F, na alama hizo hupelekwa kwa wanachama kabla ya uchaguzi. Katika uchaguzi wa urais wa 2016 chama hicho kilitumia zaidi ya dola milioni 30 kumsaidia Donald Trump.

Nguvu hizo zilionekana wazi kabisa baada ya tarehe 14 Desemba 2012. Siku hiyo kijana mmoja aliingia shule ya msingi ya Sandy Hook na kuua watoto 20 na watu wazima 6. Watoto wenyewe walikuwa wa miaka sita na saba. Aprili 2013 Baraza la Seneti likaletewa mswada, si wa kukataza bunduki, bali wa kuhakikisha tu kuwa wanunuzi zaidi wanachunguzwa rekodi zao kabla ya kuuziwa. Kura za maoni zilionyesha kuwa karibu Wamarekani 9 kati ya 10 waliunga mkono jambo hilo. Maseneta 54 walikubali, 46 wakakataa, na kwa kuwa kanuni zilihitaji 60, mswada ukafa.

Mimi niliposoma hapo nilifunga kitabu. Yawezekanaje watu tisa wakashindwa na mmoja? Nilimuuliza mwalimu wetu wa Historia na Serikali, naye akanijibu kwa swali, "Abiria na wenye matatu, nani wengi?" Nikasema abiria. "Na nauli ikipanda mvua ikinyesha, nani hushinda?" Nikaelewa. Sisi abiria wa Eastlands ni mamia ya maelfu, na sote tunachukia nauli kupandishwa ovyo, lakini tukishuka kila mtu huenda zake. Wenye matatu ni wachache, lakini wana vyama, wana viongozi, wana simu ya mkubwa, na wakigoma siku moja jiji zima linatembea kwa miguu. Basi na Marekani ni hivyo. Wale tisa wanataka sheria kwa upole, huku wakifikiria pia karo, hospitali na bei ya mafuta ya gari. Yule mmoja hupiga kura kwa jambo moja tu, hasahau, na mbunge wake anajua hasahau. Siasa haihesabu vichwa tu, inahesabu pia ni nani atakayekasirika kwa muda mrefu.

Hata hivyo mlima huo nao umeanza kumomonyoka. Baada ya watoto 19 na walimu wao wawili kuuawa huko Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kwanza kubwa ya silaha katika karibu miaka 30. NRA nayo iliingia katika kesi za pesa, na mwaka wa 2024 baraza la wazee wa mahakama huko New York likamwona aliyekuwa kiongozi wake kwa miaka mingi, Wayne LaPierre, kuwa alitumia vibaya fedha za chama.

Huenda mtu akauliza, hayo yatuhusu nini sisi wa Kayole na Dandora? Yanatuhusu. Bunduki zilizojaa Afrika Mashariki hazikuota shambani. Idi Amin alipoanguka mwaka wa 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivunjwa, na bunduki zikasambaa Karamoja hadi upande wetu wa mpaka. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka wa 1991, nyingine zikamiminika kutoka huko. Kwa sababu hiyo mwezi wa Aprili 2004 nchi za eneo hili zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi saba zilizopeleka kwenye Umoja wa Mataifa mwaka wa 2006 pendekezo la kuwa na mkataba wa dunia nzima wa biashara ya silaha. Mkataba ulipitishwa Aprili 2013. NRA ikaupinga kwa nguvu zote, na Aprili 2019 Rais Trump alisimama katika mkutano wa mwaka wa chama hicho, mbele ya wanachama wake, akatangaza kuwa Marekani inaondoa sahihi yake. Jambo ambalo nchi yetu ilisaidia kulianzisha lilitupwa jukwaani kwa makofi ya chama cha wenye bunduki.

Je, hapa Kenya tuna chama kama hicho? Kipo, ila ni kidogo na cha upole. Wenye silaha za leseni wana chama chao kiitwacho NGAO, ambacho huwasemea na kuandaa mashindano ya kulenga shabaha. Jina limechaguliwa vizuri, lazima tukubali. Hoja yao kubwa ni Westgate. Magaidi walipovamia jengo lile tarehe 21 Septemba 2013 na kuua watu 67, baadhi ya walioingia mwanzo kabisa kuokoa watu, pamoja na askari wachache wasio na sare, walikuwa raia wenye bastola zao za leseni. Mmoja wao, Abdul Haji, alikuja kuwa seneta wa Garissa mwaka wa 2021. Hoja hiyo si ya kudharau. Kama mama yangu angekuwa ndani ya Westgate siku ile nisingemuuliza mwokozi wake amepataje leseni.

Serikali nayo haiwaogopi wenye leseni kama kule Marekani. Desemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye silaha wapigwe msasa upya. Baba yangu analikumbuka jambo hilo, kwa sababu yeye ni soja wa usiku upande wa Lavington, na tajiri wake alikuwa mmoja wa waliolazimika kwenda kupanga foleni. Baba husimulia akicheka. Mwenye nyumba yuko ndani nyuma ya milango ya chuma, na ana bastola. Yeye baba yuko langoni gizani, na ana rungu, tochi na kidude cha kubonyeza king'ora. Mwizi akija ataanza na nani?

Kwa hivyo kwetu nguvu ya bunduki katika siasa haiko kwenye chama. Iko kwenye kiuno cha mheshimiwa. Hapa bastola ni kama gari kubwa au walinzi wawili nyuma yako, ni ishara kwamba umefika. Januari 2020 mcheza santuri alipigwa risasi katika kilabu kimoja cha Nairobi, na mbunge wa huku kwetu Eastlands akashtakiwa kwa kujaribu kuua. Baadaye pande mbili zilipatana, shtaka hilo likaondolewa, na katika lile la pili la utovu wa nidhamu akiwa na silaha mahakama ikamwachilia. Mlezi wa chama amenishauri nisitaje jina, nami nimetii, ingawa sijui ni nani hapa asiyelijua. Bunduki hiyo hiyo ndiyo imewaondoa waheshimiwa wengine. Pio Gama Pinto alipigwa risasi Februari 1965. Tom Mboya, aliyekuwa mbunge wa eneo ambalo leo ni Kamukunji, aliuawa mjini mchana tarehe 5 Julai 1969 akitoka dukani. Na tarehe 30 Aprili 2025 mbunge wa Kasipul, Ong'ondo Were, aliuawa katika Barabara ya Ngong na mtu aliyeshuka kwenye pikipiki. Serikali huchoma bunduki haramu, kama zile 5,250 zilizochomwa Ngong mwezi wa Novemba 2016, na picha huwa nzuri gazetini, lakini zilizo viunoni mwa wakubwa haziingii kwenye moto huo.

Halafu kuna bunduki ya serikali yenyewe, na hapa ndipo sisi vijana wa Eastlands tunapoingia. Sheria ya Huduma ya Polisi ya mwaka wa 2011, katika Jedwali lake la Sita, inasema askari atumie bunduki pale tu njia nyingine zimeshindwa, kwa mfano kuokoa maisha au kujikinga, na mtu akifa au kuumizwa vibaya ni lazima mamlaka ya IPOA ijulishwe. Ni sheria nzuri. Ningependa ibandikwe kwenye kila kichochoro. Lakini mwaka wa 2017 Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilitoa ripoti ya vijana waliouawa kwa risasi za polisi mtaani humo, na jina lake kwa Kiswahili ni kama kuuliza, "Nani anafuata?" Machi 2020, wakati wa kafyu ya korona, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi huko Kiamaiko akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Askari mmoja alishtakiwa kwa mauaji. Na Julai 2025, siku chache tu baada ya mimi kulazwa juu ya kokoto, Rais mwenyewe alisema hadharani kwamba wanaochoma biashara za watu wakati wa maandamano wapigwe risasi mguuni. Wengine darasani walimuunga mkono, kwa sababu maduka ya wazazi wao yalikuwa yameporwa, na siwalaumu. Mimi nilikuwa nafikiria tu umbali uliopo kati ya mguu na tumbo, na mkono wa mtu uliochoka kwa zamu ya usiku.

Nilileta jambo hili kwenye mdahalo wa chama muhula uliopita: je, raia wa kawaida waruhusiwe bunduki kwa urahisi? Nilidhani wote watapinga. Thubutu! Wavulana wengi waliunga mkono. Rafiki yangu mmoja, ambaye mamake anaendesha duka la M-Pesa na ameibiwa mara mbili kwa mtutu wa bunduki, alisimama akasema, "Mwizi anayo, karao anayo, mheshimiwa anayo. Mathee peke yake ndiye hana. Kwa nini?" Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikuwa upande wa kupinga na nilikosa jibu la haraka. Nimelifikiria tangu hapo, na jibu langu ni hili. Waliomwibia mamake walikuwa wanne, na walimkuta anahesabu pesa ameinama. Kama angekuwa na bastola kwenye droo, wangeondoka na pesa na bastola, na hiyo bastola ingekuwa mtaani kesho yake, labda ndani ya mkoba kwenye kichochoro chetu. Rafiki yangu hajakubali. Bado tunabishana tukitembea kwenda stendi.

Jambo ambalo hatubishanii ni hili la sauti. Wenye leseni wana chama. Wenye vyeo wana walinzi. Waliofiwa na watoto kwa risasi Mathare, Dandora, Kayole na kwingineko nao wameunda mtandao wao, akina mama wengi wao, ambao hukutana, huhudhuria kesi pamoja na kubeba picha za watoto wao. Hawampi mbunge alama ya A wala F, na hawana dola milioni 30. Lakini ukikumbuka lile somo la abiria na matatu, hawa ni watu ambao hawatasahau, na wanapiga kura huku huku kwetu.

Kuhusu mchezo wetu: tarehe 7 Julai 2025 iliangukia Jumatatu, nayo ni Saba Saba, siku ya ule mkutano wa Kamukunji wa mwaka wa 1990 wa kudai vyama vingi. Barabara za kuingia mjini zilifungwa na askari, shule haikufanya kazi, na Siku ya Kiswahili ikaahirishwa hadi wiki iliyofuata. Fundi alikuwa tayari kunichongea bastola nyingine bure. Mama alikataa katakata, na mwalimu akakataa pia. Hatimaye niliingia jukwaani nikiwa nimeshika gunzi la mahindi, nikamwelekezea mwenye duka nikanguruma kwa sauti yangu yote, "Mikono juu!" Ukumbi mzima uliangua kicheko hata tukasimama mchezo. Yule mama wa sukuma wiki alikuwa amealikwa, alikuwa ameketi safu ya mbele karibu na mama yangu.